Treni Ilipokatwa Katikati ya Korongo

"Usinigeuzie kisogo, mama. Nakuuliza: yule mwanaume wa behewa la mwisho si fundi wa makabati yetu?"

"Tumelipia dirisha. Acha niangalie korongo."

"Korongo halina miguu, litakusubiri. Nijibu."

Binti yangu alikuwa amekwenda kutafuta chai kwenye behewa la chakula. Akapitiliza hadi nyuma kabisa, akarudi mikono mitupu na uso umekunjamana. Yeye ni nesi, amezoea kuwauliza watu maswali wasiyotaka kuyajibu. Safari hii alinizawadia yeye nilipostaafu kazi ya stoo ya hospitali: treni ya watalii, milima pande zote, mama na mwanawe tu.

"Ni yeye," nikasema.

"Amefuata nini huku?"

"Anatalii. Ana tiketi yake."

"Mama."

"Haya. Amenifuata mimi."

Treni ikaingia kwenye handaki. Giza likatufunika, magurudumu yakawa yanaunguruma mpaka kwenye meno, nami nikashukuru kwamba kwa muda ule hakuna anayemwona mwenzake. Tulipotoka tulikuwa juu ya daraja. Kuta za mawe mekundu zilipanda pande zote mbili, na chini kabisa mto ulikuwa mwembamba kama uzi. Abiria wote wakakimbilia madirisha na simu zao. Binti yangu hakugeuka hata kidogo.

"Ndiyo maana mlango wa kabati la masufuria ulikuwa unaharibika kila Jumamosi," akasema.

"Ule mlango haujawahi kuharibika."

"Najua. Niliujaribu mwenyewe."

Nusura nicheke. Nikajikaza.

"Umekasirika kwa sababu ya baba yako," nikasema.

"Baba ana miaka yake kaburini, Mungu amrehemu. Aliyeniudhi ni wewe. Ulimwambia jirani usoni kwamba mapazia yake yanafanana na matambara ya deki. Ulimwambia mchumba wangu wa kwanza kwamba ni mvivu, tena mbele ya mama yake. Leo wewe una mwanaume, unamficha nyuma huko kama mzigo wa magendo."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe. Nilidhani utaona mama yako amerukwa na akili uzeeni."

"Nimeona mama yangu anadanganya. Hilo ndilo linaloniuma."

Nikageukia dirisha tena.

Treni ikapunguza mwendo, ikasimama kwenye kituo kidogo chini ya mlima. Mkaguzi wa tiketi akapita akipaza sauti.

"Ndugu abiria, mlima ulio mbele ni mkali, injini haiwezi kuvuta mabehewa yote kwa pamoja. Tunaikata treni hapa. Nusu ya mbele inapanda sasa hivi, halafu injini inarudi kuchukua nusu ya nyuma. Mtakutana kituo cha juu. Wa nusu ya mbele msiende mbali."

Sisi tulikuwa nusu ya mbele, fundi nusu ya nyuma. Mtandao ukarudi. Simu yangu ikatoa mlio wa ujumbe.

"Bi Stoo, binti yako ameniona, akageuka. Nikakusubiri, hukuja. Nimechoka kuja kwako kwa mlango wa jikoni na kisanduku cha vifaa nisivyovitumia. Nashuka hapa. Treni ya kurudi mjini inapita jioni. Nawatakia mapumziko mema."

Nikampigia palepale.

"Uko wapi?"

"Nimekaa kwenye benchi la kituo. Pana kivuli kizuri."

"Rudi ndani. Tutazungumza huko juu."

"Ulisema tutazungumza nikimaliza makabati. Ukasema ukistaafu. Ukasema tukiwa safarini. Bi Stoo, sina hasira na wewe. Nataka tu siku moja nigonge mlango wa mbele."

"Usiondoke hapo," nikasema, nikakata.

Binti yangu alikuwa ananitazama.

"Anaondoka?"

"Anarudi mjini."

"Na wewe umekaa."

"Nikishuka utabaki peke yako, na safari umeilipia wewe."

"Mama, mimi nakesha na wagonjwa mahututi. Nitashindwa kukaa peke yangu dirishani?" Akasogea karibu. "Ni mtu wa namna gani?"

"Hana makuu. Anapika kuliko mimi."

"Hilo hata mtoto wa shule anaweza."

"Akikosea anakiri. Nikianza kufoka ananichekesha, nasahau nilikuwa nafoka nini."

"Unampenda?"

"Nampenda."

Neno hilo lilitoka kavu, kama ninavyosema mambo yangu mengine yote. Binti yangu akapumua kwa nguvu, kisha uso wake ukakunjuka.

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Kamwambie yeye. Usiposhuka nashuka mimi nimlete, na hapo ndipo utakapojua aibu ni nini."

Filimbi ikapulizwa. Akaninyanyulia begi, akanisukumia kifuani. Nikashuka.

Fundi alikuwa kwenye benchi, kofia mkononi. Aliponiona akasimama.

"Bi Stoo, treni yako inaondoka."

"Naiona. Njoo."

Nikamshika mkono, nikamvuta hadi kwenye dirisha letu. Nusu ya mbele ilikuwa imeshaanza kujikokota. Ikabidi twende nayo sambamba, mimi na begi langu, yeye na kofia yake.

"Mwanangu," nikasema, kwa sauti ambayo behewa zima lilisikia, "huyu ndiye mtu wangu. Nilipaswa kumleta mbele yako zamani. Tukirudi mjini tunafunga ndoa."

"Mbona hata mimi sijaulizwa," fundi akasema huku akihema.

"Unaulizwa sasa. Unanioa au hunioi?"

"Nakuoa."

Abiria dirishani wakaangua kicheko. Binti yangu akatoa kichwa nje, upepo wa korongo ukazivuruga nywele zake. Akamtazama fundi kuanzia viatu hadi utosi, kama anavyowatazama wagonjwa wapya.

"Shikamoo, baba," akasema.

Fundi akajikwaa, nikamdaka.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

"Mlishe mapema. Akiwa na njaa hasikii la mtu."

"Nimeshajua hilo."

Treni ikaongeza mwendo, tukaiacha iende. Mkono wa binti yangu ulipunga dirishani mpaka behewa lao lilipopinda nyuma ya mwamba. Fundi akavaa kofia, akachukua begi langu, tukatembea juu ya kokoto kuelekea nusu ya nyuma. Mlangoni kwa behewa lake akanipisha.

Nikapanda mbele ya watu wote, nikakaa ubavuni mwake.