Kifundo cha Kati

Adhana ya magharibi ilikuwa haijaisha pale Azzan aliporudi dukani kumalizia gauni la watu.

Kazi yenyewe ndogo. Kupitisha kamba nyekundu ya hariri kifuani mwa sanamu la kuvalishia nguo, ishuke hadi kiunoni ikichora uru, uru zile zile za kwenye karata, kisha kuvuta na kufunga. Bibi harusi alishasema hataki shanga wala lulu, anataka kamba. Na kwa kamba, Kariakoo nzima ina mtu mmoja tu. Anayebisha alete mkono wake! Azzan aliwahi kufunga majogoo nyuma ya baiskeli, wakafika Magomeni wanakoroma, hakuna aliyepoteza hata unyoya.

"Jirani, gauni langu lisilale hapo," Candida alichungulia mlangoni. Ndiye mwenye duka la magauni la pembeni. "Nyie Waarabu mkishaonja kahawa, kazi basi tena."

"Na Mchaga anayefunga duka kabla ya giza anaitwaje? Mgonjwa?"

Candida akacheka. Halafu akamtazama, kicheko kikamfia mdomoni.

"Hujala tena leo, kaka'angu. Ngoja nikakutafutie chapati. Rawan angekuwepo angenigombeza mimi."

Rawan.

Mkewe. Ufundi huu wa uru walijifunza pamoja, kwenye video za simu, kwa bibi mmoja wa Kijapani mwenye mikono myembamba kama vijiti vya udi. Lugha yake hawakuisikia hata neno. Ila waliona kwamba kila mara kabla ya kuvuta kamba, bibi yule husimama, humwangalia anayefungwa usoni, humwuliza kitu. Naye huitikia kwa kichwa. Wakaichukua adabu hiyo. Rawan alikaa kwenye kigoda na dera lake, Azzan akazungusha kamba, na kabla ya kuvuta:

"Inabana?"

"Haibani."

Zamu ya Rawan ikifika, ilikuwa vichekesho. Alikuwa mashoto, basi uru zake zote zililalia upande wa pili. Mwenyewe akiziita kashata. "Zako kashata za dukani, zangu za nyumbani," humtania mumewe. Kitu kimoja tu kilimshinda: kifundo cha mwisho, kile kinachozishika zote. Kila jioni, "Kesho nitakipata, utaona."

Maradhi yakaiwahi kesho.

Siku ya maziko Azzan aliingia kaburini mwenyewe pamoja na Asad, kaka yake Rawan. Kila Mwislamu anajua: maiti akishalazwa mwanandani, vifundo vya sanda hufunguliwa. Mtu haendi kwa Mola wake amefungwa. Azzan akafungua cha kichwani. Akafungua cha miguuni. Cha kati, cha kiunoni, alikuwa amekifunga kwa mkono wake kule nyumbani, kifundo kile kile cha uru. Vidole vyake vikakigusa... vikagoma. Akiachia na hiki, atakuwa ameachia nini kingine?

"Shemeji, vyote tayari?" Asad alinong'ona.

"Vyote."

Udongo ukaingia.

Sasa hapo dukani, umeme ukakatika. Mtaa mzima ukaguna. Nje makuli walipita na mkokoteni, "Miguu! Miguu hiyo!", sauti zikaenda zikififia. Azzan hakuwasha hata tochi ya simu. Mikono yake haihitaji taa. Akakunja kamba mara mbili, akaanzia katikati, akachora uru ya kwanza, ya pili...

Harufu ikamjia.

Si ya vitambaa. Kafuri. Kafuri na udongo uliolowa.

Akajiambia ni marashi ya wateja. Akashuka hadi uru ya mwisho, akapitisha kamba kwenye kitanzi, na kabla ya kuvuta, kwa mazoea tu, neno likamtoka:

"Inabana?"

"Inabana."

Sauti ndogo. Ilitoka juu ya shingo ya sanamu, pale ambapo hapakuwa na kichwa.

Chini ya viganja vyake, plastiki ilikuwa imelainika. Ilipanda. Ikashuka. Ilikuwa inapumua.

"Rawan?"

"Ulimwambia kaka, 'Vyote.'"

Jambo lile walilijua wawili tu. Yeye, na aliyelala.

"Nilishindwa, mke wangu. Nilishindwa kukuachia."

"Kila nikigeuka kinanivuta, Azzan. Nimechoka. Nifungulie."

"Nikifungua... utarudi?"

Pumzi ile tu, fupi fupi, kama ya mtu aliyebanwa mbavu.

Uru hufunguka kwa kuvuta sehemu moja, kitanzi cha mwisho. Azzan akakitafuta gizani. Akakishika. Akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, akaegemeza paji la uso kwenye kifua kile kilichokuwa na joto.

Akavuta.

Kamba yote ikaporomoka miguuni pake. Kifua kikashuka kwa pumzi moja ndefu... hakikupanda tena. Kikapoa. Kikawa plastiki.

Taa ziliporudi, Candida alisimama mlangoni na chapati kwenye karatasi.

"We Azzan! Umefumua yote? Na harusi ya watu?" Kisha akanusa hewa. "Kuna nini humu?"

"Hakuna kitu," alisema Azzan, akaokota kamba.

Alipofika nyumbani akavua shati ili aoge, ndipo mkono ukagusa kiunoni. Kitambaa chembamba, cheupe, kibichi, kina udongo. Kimezunguka mwili wake, mbele kina uru moja safi, na kifundo cha mwisho kimekaa barabara.

Kimelalia upande wa pili. Upande wa mashoto.

Rawan alikuwa amekipata.

Azzan anajua kukifungua. Vuta kitanzi kimoja tu. Mpaka leo hajavuta. Candida anasema amekonda, mkanda unatobolewa tundu jipya kila mara. Na kila magharibi, mtaa unapotulia kidogo, kitambaa kile hujikaza. Kidogo tu. Halafu sikioni mwake mtu huuliza kwa adabu:

"Inabana?"

"Haibani," hujibu Azzan, pumzi ikimpanda kwa shida.

Anadanganya tena.