Kivuli Juu ya Mstari wa Chaki

Mume wa dada yangu simpendi, na sitasema uongo ili hadithi ipendeze. Sikumpenda kabla ya zile taa, na baada yake ndiyo kabisa. Lakini niliyoyaona niliyaona kwa macho haya, dada yangu aliyaona, na fundi aliyezifunga taa hizo hadi leo akifika kwenye kona ya barabara yetu anageuza njia.

Ilianza Jumamosi, siku isiyo na lolote. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia dada kufua mapazia. Uani, fundi umeme wa magari, ambaye mtaa mzima unamwita Waya, alikuwa ameinamia ndani ya boneti ya gari la shemeji. Alikuwa anatoa taa za zamani za mwanga wa njano na kuweka za zenoni, zile nyeupe zinazokaribia bluu, ambazo ukikutana nazo barabarani unabaki kupapasa. Alikuwa amevaa glavu. Alisema balbu hizi haziguswi kwa mkono mtupu, kwa maana mafuta ya kidole yakibaki kwenye kioo yanaungua humo humo. Alipomaliza, akarudishia vioo vya mbele na kuvizungushia gundi nyeusi, maji yasiingie.

"Hapa hata siafu hapiti," alisema, akipiga kioo kwa kucha.

Taa zikifungwa lazima zipimwe ukutani, mwanga usije ukapanda kwenye macho ya watu. Ukuta uliokuwepo ni wa nyumba ya ng'ambo, mweupe, na barabara yetu ni nyembamba. Jua lilipotua Waya alivuka, akachora mstari wa chaki chini kidogo ya dirisha.

"Mwanga ukomee hapa, bosi."

"Pandisha," alisema shemeji.

"Bosi, hapo juu kuna dirisha la mtu."

"Nimekuuliza kuna nini? Nimesema pandisha."

Waya akafyata mkia. Akazungusha skrubu nyuma ya taa, na mwanga ukapanda, ukauvuka mstari, ukaingia dirishani. Ndani tulimwona mama mmoja mzee kwenye cherehani. Aliinua mkono kuziba macho. Kidole chake cha shahada kilikuwa kifupi, mashine ilikwisha kumla ncha tangu usichana wake. Shemeji akacheka.

Huyo alikuwa Mama Sindano. Alishona nguo ya harusi ya dada yangu, na alimpenda kama aliyemzaa. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikataa kumuuzia shemeji kona ya kiwanja chake, alipotaka pa kugeuzia gari. Tangu siku ile ya kukataliwa, shemeji alianza kuingiza gari uani kinyumenyume, pua ikitazama dirisha la yule mama. Sasa alipata na taa za kumalizia kazi. Kila magharibi alikuwa akiziwasha na kuziacha huku akisikiliza redio.

Mama Sindano alikuja mara ya kwanza, akasimama getini. Hakupandisha sauti.

"Baba, sioni tundu la sindano. Nishushie taa kidogo."

"Funga dirisha."

"Joto, baba."

"Basi hama."

Yule mama akamtazama. Kisha akasema maneno ambayo dada huniambia bado anayasikia akiosha vyombo. "Nikiongea kutoka kule hunisikii. Nitakuwa nakuja karibu."

Alirudi jioni nyingine. Alikuwa katikati ya barabara shemeji alipomwashia taa zote usoni, kwa mzaha, kama unavyomtisha paka. Mama Sindano aliinua mkono wake ule, akarudi nyuma, akarudi tena, asione anakokanyaga. Nyuma yake kulikuwa na mtaro wa maji. Tulisikia kichwa kikigonga zege. Hakumaliza wiki.

Shemeji hakwenda kuzika. Alisema kizee kilikuwa hakioni tangu zamani. Watu walinong'ona kwamba mama wa watu alikuwa mchawi na mtaa utaona. Uongo. Mchawi gani anaomba kushushiwa taa? Alikuwa mshonaji mwenye subira, na subira yake ndiyo iliyokuja kunitisha.

Jioni moja baada ya mazishi nilikuwa barazani na dada. Shemeji akawasha taa. Zenoni haiwaki mara moja. Huanza na urujuani, inatetemeka kidogo, ndipo inakuwa nyeupe. Ilipokuwa nyeupe, ukutani kulikuwa na kivuli.

Kilikuwa kidogo, cha urefu wa mtu wa kawaida, kimeinama mabega. Mkono mmoja uko usoni.

Nikatazama barabarani. Hapakuwa na mtu.

Mtu akisimama mbele ya gari hutoa vivuli viwili, kwa sababu taa ni mbili. Nendeni mkajaribu. Kile kilikuwa kimoja.

"Unaona?" dada alininong'oneza.

"Naona."

"Basi si mimi peke yangu."

Jioni iliyofuata kivuli kilifika juu ya dirisha. Iliyofuata tena, kichwa kiligusa paa. Shemeji alisema ni uchafu kwenye kioo. Akafuta kwa kitambaa, akawasha tena, na kivuli kilikuwa palepale. Utotoni sote tumecheza kutengeneza mbwa na sungura ukutani kwa vidole, mbele ya taa. Kila mtoto anajua mkono ukiwa karibu na ukuta kivuli ni kidogo. Kikikua, ujue mkono unaisogelea taa.

Kile kivuli kilikuwa hakikui. Mama wa watu alikuwa anakuja.

Dada alipiga magoti. Alimwomba mumewe jambo dogo sana: azungushe ile skrubu, mwanga ushuke hadi kwenye mstari wa chaki, kisha aende kwa ndugu wa marehemu akaseme nimekosa. Basi.

"Nishushe taa, mtaa mzima useme nimeogopa maiti?" alisema. Sikio la kufa halisikii dawa.

Lakini alikuwa anaogopa, na mwoga mwenye kiburi ni mtu mbaya kuliko wote. Siku moja alikwenda kumchukua dada dukani jioni. Walipoingia uani kinyumenyume, taa zikamulika ukuta, na kivuli kilikuwa kimerudi nyuma. Kilikuwa kidogo tena, kimejibana pale ukutani, mkono umeshuka. Mama Sindano hakutaka kumsogelea binti yake wa hiari.

Kutoka barazani niliona shemeji akielewa. Aligeuka akamtazama dada kwenye kiti cha pembeni, akatabasamu kama mtu aliyeokota funguo zake.

Tangu hapo dada yangu hakuwa mke tena. Akawa ngao. "Ingia garini." Akienda kununua sigara, ingia garini. Akienda kunywa na wenzake, ingia garini, na humo anamwacha, mlango umefungwa kwa nje, mpaka atakaporudi. Siku dada alipokuwa na homa, mumewe alimbeba na shuka lake. Dada alikonda, akawa analala na nguo za kutokea. Nilimuuliza kama kile kitu kinamfanya lolote.

"Hanidhuru," alisema. "Ananitazama tu. Ila kila nikishuka, anaanza tena kumsogelea yeye. Mdogo wangu, siku moja nitachoka, nitasinzia, au nitakufa humo ndani. Huyu bwana hataniachia."

Alisema hivyo bila machozi. Nilihisi chuki ikinipanda kifuani kama kiungulia. Nikaamua.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, kiza kimewahi kuingia. Shemeji alikuwa na safari. Dada alikuwa amekwisha kukaa, mkanda kifuani. Mumewe alikuwa anazunguka gari kwenda upande wa usukani. Nikafungua mlango wa dada.

"Shuka."

"Ataniua."

"Shuka, dada. Sasa hivi."

Nilimfungua mkanda, nikamvuta mzimamzima. Tulikimbilia ndani, nikasukuma komeo, nikasukuma na meza. Shemeji alipiga mlango kwa ngumi. Alipiga kwa teke. Alinitukania wazazi, ambao ni wazazi wa mkewe pia. Kisha akauacha mlango, akacheka kwa nguvu kupita kiasi ili majirani wasikie.

"Kwani naogopa nini?"

Tulimwona dirishani akirudi garini. Aliketi. Alifunga mlango. Akawasha injini, akabaki na mikono kwenye usukani. Majirani wawili walikuwa wamesimama barazani kwao wakimtazama, na nadhani ndiyo sababu hakuweza kushuka.

Akawasha taa.

Urujuani. Ikatetemeka. Ikawa nyeupe.

Ukuta ulibaki mweusi.

Taa zilikuwa zinawaka. Nilikuwa nasikia mlio wake mwembamba. Matone ya mvua mbele ya gari hayakung'aa. Ukuta wote, kutoka kwenye mtaro hadi paani, ulikuwa umezibwa. Dada alinishika mkono, kucha zikanizama.

"Amefika," alisema.

Ndani ya gari kukawa kweupe.

Sijui niseme vipi. Ni kana kwamba mtu alizishika zile taa akazigeuza zitazame ndani. Niliona vitufe vya redio. Niliona mishono ya viti. Nilimwona shemeji, mdomo wazi, ameinua mkono kuziba macho, vilevile, kiwiko juu, mabega yameinama. Akakanyaga mafuta. Gari liliruka uani, likavuka barabara, likaupiga ule ukuta chini kidogo ya mstari wa chaki.

Walimtoa bila jeraha la maana. Alipasuka nyusi tu. Lakini alikuwa haoni. Madaktari walimpima macho wakasema ni mazima, hayana hata mkwaruzo. Yeye alisema haoni giza. Anaona nyeupe. Mchana nyeupe, usiku nyeupe, akifumba macho nyeupe zaidi. Mama yake alihamia pale kumlea.

Kuna wanaoniita muuaji wa macho ya mtu. Waseme. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na mimi dada yangu ni mmoja tu.

Siku tuliyokwenda kuchukua nguo za dada ilikuwa mchana, jua kali. Mama mkwe alikuwa amekwenda sokoni. Shemeji alikuwa chumbani, amefunga kitambaa machoni juu ya kitambaa kingine. Tulikuwa tunakunja mashuka sebuleni Waya alipoingia bila hodi. Alikuwa amebeba taa moja ya mbele, nzima, nyaya zimekatwa zinaning'inia. Aliiweka mezani akarudi nyuma.

"Nimeitoa kwenye lile gari," alinong'ona. "Nilitaka kuiuza. Gundi ni yangu, haijaguswa. Nimefuta kioo kwa nje hadi nimechoka. Dada, hii iko ndani."

Tukainama. Nyuma ya kioo, upande usiofikika kwa mkono wa mtu, kulikuwa na alama ya kiganja. Ilikuwa imeungulia humo, ya rangi ya kahawia, kama pasi ikisahauliwa kwenye kitambaa. Kiganja kidogo. Mistari yake yote inaonekana. Kidole cha shahada kilikuwa kifupi.

Dada hakuogopa. Aliinua mkono wake taratibu, akauweka juu ya kioo, kiganja kwa kiganja.

"Ni cha moto," alisema.

Nikagusa. Kilikuwa cha moto kweli. Waya alikwisha kutoka, tulisikia ndala zake zikikimbia. Taa ilikuwa juu ya meza, nyaya zimekatwa, haina betri, haina gari.

Mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa. Nyuma yake kitanda kililia, kitu kikaanguka, na shemeji, ambaye hata mkono wake haoni, akaanza kupiga kelele.

"Zima! Nani kawasha hiyo taa? Zimeni!"