Imla ya Jumanne

Msichana alilala kifudifudi ndani ya mfereji, sweta ya shule imemganda mgongoni. Mkoba wake ulikuwa ukingoni, umefungwa vizuri, kama uliowekwa na mtu asiye na haraka. Mchukuzi wa maziwa ndiye aliyemwona, saa kumi jioni, siku ya Jumanne, juma la sita la muhula wa pili.

Aliitwa Chepkemboi. Umri wake miaka kumi na miwili. Alikuwa Gredi ya Sita katika Shule ya Msingi ya Kaptolel, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Sotik.

Kufikia Jumatano jioni kijiji kilikuwa kimekwisha kumhukumu baba yake.

"Jonah alimzuia nyumbani achume chai," watu walisema. "Mtoto akakataa, akampiga akamuua."

Walikuwa na sababu mbili. Mwaka uliopita chifu alimwonya Jonah hadharani kwa kumkosesha binti huyo shule siku mbili, majani yalipokuwa mengi. Na rejista ya darasa ilionyesha kwamba Jumanne Chepkemboi hakufika. Sababu hizo zilitosha. Kijiji kikiamua kuweka akili kando, hakibakizi hata kidogo. Vijana walibeba petroli. Polisi walimtoa Jonah kwa mlango wa nyuma wakamtia seli, nusu kwa kumshuku, nusu kwa kumwokoa.

Jalada lilimfikia Inspekta Rodah Mongina.

"Madam, hii ni kazi ya asubuhi moja," alisema mkuu wa kituo. "Kesho saa nane mchana mtu wetu awe mbele ya hakimu."

"Na kama si yeye?"

"Basi uniletee aliye yeye kabla ya saa nane."

Mongina alianzia chumba cha maiti. Daktari Gichana alikuwa amemaliza upasuaji na alikuwa akinawa mikono kwa nguvu, kama mtu mwenye ugomvi na sabuni.

"Hakupigwa," alisema. "Mbavu saba zimevunjika, zote upande mmoja. Gari limepita juu ya kifua chake."

"Gari haliwezi kufika kwenye mfereji ule."

"Basi hakuumia pale. Na tazama mabegani. Hizi alama ndogo ni za mvua ya mawe. Alikuwa nje, mahali pasipo na pa kujificha."

"Vidole je?"

Daktari aliinua mkono wa kulia wa msichana. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa na weusi wa kahawia uliozama ndani ya ngozi.

"Utomvu wa chai. Unajua mwenyewe."

"Alikufa papo hapo?"

Gichana alifunga bomba la maji. "Hapana. Damu ilijaa kifuani polepole. Saa moja, labda zaidi. Angeletwa hapa mapema, sasa hivi ningekuwa nazungumza naye, si nawe."

Mongina hakuandika maneno hayo. Hakuhitaji kuyaandika.

Jonah alikuwa ameketi sakafuni selini, miguu mitupu. Alisimama alipomwona inspekta, kama watoto wanavyosimama mwalimu anapoingia.

"Jumanne asubuhi binti yako alikuwa wapi?"

"Alienda shule."

"Rejista inasema hakufika."

"Alienda shule, madam. Na uniform yake, na uji amekunywa."

"Alichuma chai ya nani?"

Jonah alitazama ukuta.

"Mzee Jonah, nimeona vidole vyake. Alichuma chai siku hiyo. Ya nani?"

"Si yangu."

"Sikuuliza isiyo ya nani."

"Madam, mimi nina watoto wengine wawili kwa hiyo shule. Mmoja Gredi ya Nne, mwingine ya Pili. Wewe ukimaliza utaenda. Hao watabaki hapo."

"Unamwogopa nani?"

"Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Siwezi kusema juu ya watu wamesoma."

"Utashtakiwa kwa kuua mtoto wako."

"Mungu anajua."

"Mungu hatakuwa kizimbani. Ni wewe utakuwa."

Jonah aliketi tena sakafuni. Mongina alitoka akiwa na hasira isiyojua pa kutua. Mtu anayekubali kubebeshwa mauaji kuliko kumtaja aliyemzidi vyeti, nani alimfundisha hivyo?

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa shambani kwa Jonah, pamoja na Konstebo Kipkosgei, mzaliwa wa upande huo. Mama wa marehemu, Janeffer, alikuwa ameketi nje, khanga kichwani, wanawake wawili wa kanisani wamemshika mikono. Mongina alimpa pole. Kisha akapita kwenda nyuma ya nyumba, akasimama.

Shamba lote la chai lilikuwa vigogo. Mimea ilikuwa imekatwa chini ya kimo cha goti, na vichipukizi vyake vilikuwa bado vifupi kama kucha.

"Mama, hii chai mlikata lini?"

"Mwezi wa tatu," alisema Janeffer. "Mwaka wake wa kukatwa ichipuke upya ulikuwa umefika. Tangu hapo hatujachuma hata jani."

Kipkosgei aliinama akagusa kichipukizi. "Afande, hapa huwezi kujaza hata kofia."

"Majirani wanapita njia hii?"

"Kila siku. Ndiyo njia ya kwenda sokoni."

"Kwa hiyo kila aliyebeba petroli alijua Jonah hana jani la kuchumwa."

Kipkosgei alijikuna shingo. "Walijua, afande. Ni vile hawakufikiria."

"Mdomo waliukumbuka. Kiberiti walikikumbuka. Kufikiria ndiko kulikowashinda."

Waliteremka kwenda shuleni. Kando ya njia chai ilikuwa imechanikachanika, majani yamelala chini kama yaliyopitiwa na mbuzi.

"Mvua ya mawe ya Jumanne," alieleza Kipkosgei. "Ilianza saa nne na robo, ikapiga karibu nusu saa. Mama yangu alipoteza kabichi zote."

Mwalimu mkuu wa Kaptolel alikuwa amestaafu Aprili. Aliyeshika nafasi yake ni naibu wake, Mwalimu Kipkurui, ambaye pia alikuwa mwalimu wa Gredi ya Sita. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni, viatu vinavyong'aa hata kwenye matope. Barua ya kumthibitisha ilikuwa njiani, na kila mtu alijua, kwa sababu yeye mwenyewe aliwaambia.

"Karibu, madam. Tumepoteza mtoto mzuri. Nilimwonya yule baba."

Mongina alikuwa akitazama ng'ambo ya ua. Nyuma tu ya madarasa palikuwa na shamba la chai, na karibu na lango lake alama za magurudumu zilizochimba tope. Nusu ya shamba ilikuwa imechumwa ikawa sawasawa kama meza. Nusu ya pili ilikuwa na machipukizi marefu yaliyopondwa na mvua ya mawe. Mtu alikuwa akichuma, akaachia katikati.

"Ile chai ni ya nani?"

"Yangu."

"Jumanne nani alikuwa anachuma?"

"Wafanyakazi. Hawa wa kuja na kwenda."

"Majina yao?"

"Madam, kwa heshima tu, nyinyi watu wa ndizi mnaijua chai ikiwa kwenye kikombe. Huku kibarua haulizwi jina."

"Mimi ni wa Nyamira, mwalimu, na kwetu kuna chai kama huku. Nilichuma chai kabla sijajua kusoma. Darasa lako lilikuwa wapi Jumanne asubuhi?"

Kipkurui alitabasamu. Ni swali alilokuwa amejiandalia. Aliingia ofisini akarudi na rundo la madaftari mikononi.

"Ushahidi huu hapa. Imla ya Kiswahili. Saa nne kamili hadi saa tano kasorobo. Madaftari thelathini na saba, tarehe ya Jumanne, yote nimesahihisha. La Chepkemboi halimo kwa sababu hakuwepo."

Mongina alifungua daftari la kwanza, la pili, la kumi. Sentensi kumi na tano kila daftari, wino mwekundu, tarehe imepigiwa mstari.

"Uliwasomea wewe mwenyewe?"

"Neno kwa neno. Darasani hakuna aliyetoka."

"Hata dakika moja?"

"Hata moja."

"Twende darasani."

Watoto walisimama kwa pamoja. Dawati moja la mbele lilikuwa na nafasi tupu. Mongina aliwaambia waketi, waweke mikono juu ya meza. Akapita kati ya madawati. Vidole gumba na vya shahada, jozi baada ya jozi, vilikuwa na weusi ule ule.

"Watoto wote wa hapa husaidia nyumbani," Kipkurui alisema upesi.

Mongina alisimama mbele ya msichana mwenye nywele zilizosukwa. "Unaitwa nani?"

"Wacera."

"Baba yako hufanya kazi gani?"

"Anauza misumari na mabati pale sokoni."

"Mna chai nyumbani?"

"Hapana, madam. Tuna plot ya nyumba tu."

Mongina alitazama juu. Paa lilikuwa la mabati matupu. Hakukuwa na dari. Alimwita Kipkosgei mlangoni akamnong'oneza. Konstebo akatoka, akawaita mpishi na bawabu wa shule, kila mmoja na karai.

"Mwalimu, wasomee imla."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Zile zile sentensi za Jumanne. Watoto, chukueni kalamu."

Kipkurui alikohoa, akafungua kitabu. Alisoma sentensi ya kwanza na kalamu zikaanza kukwaruza. Ndipo kokoto za kwanza zilipotua juu ya mabati. Zikafuatwa na nyingine, na nyingine, makarai matatu kwa zamu. Darasa lilijaa kishindo. Kipkurui alipandisha sauti, kisha akaanza kupiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka. Watoto walimtazama mdomo. Mmoja baada ya mwingine waliweka kalamu chini.

Mongina alipunga mkono dirishani. Kimya kikarudi.

"Sentensi ya pili ilisema nini?"

Hakuna aliyejibu.

"Nani ameisikia?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Hao walikuwa watu watatu na makarai," Mongina alimwambia Kipkurui. "Jumanne ilikuwa mbingu nzima, nusu saa. Mimi nilisomea chini ya mabati kama haya. Mvua ya mawe ikianza, mwalimu huketi na kungoja, maana hata akilia hakuna atakayemsikia. Wewe ulisoma imla na watoto thelathini na saba wakaandika?"

"Mimi nina sauti kubwa."

Mtoto mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

"Wacera," alisema Mongina. "Hii imla mliiandika lini?"

Msichana alimtazama mwalimu wake. Mwalimu alimtazama yeye, na katika macho hayo palikuwa na fimbo. Mongina akaenda akasimama katikati yao.

"Niangalie mimi."

"Jana asubuhi," alisema Wacera. "Aliandika ubaoni tukanakili. Akasema tuweke tarehe ya Jumanne, na atakayesema mambo ya Jumanne nyumbani ataona."

"Na Jumanne mlikuwa wapi?"

"Kilimo."

"Kilimo gani?"

"Ya kuchuma chai yake. Kila Jumanne ni kilimo."

Walimhoji Kipkurui ofisini kwake, chini ya ratiba ya masomo aliyoiandika kwa mkono wake mzuri. Kipkosgei alimsomea haki zake. Kwa dakika kumi alikana. Kisha Mongina akamwambia kwamba pikapu yake, iliyokuwa imeegeshwa uani, ilikuwa imeshavutwa kwenda kwa wataalamu wa uchunguzi, na kwamba damu haitoki kwenye magurudumu kwa ndoo ya maji.

Mwalimu alivua miwani.

"Ilikuwa ajali."

"Sema."

"Mvua ilianza ghafla. Watoto walikimbia ovyo. Nilikuwa na magunia sita yamejaa. Majani yakipigwa vile karani wa kupokea chai anayakataa. Niliruka ndani ya gari nikarudi nyuma nifike kwenye lango."

"Naye?"

"Alikuwa amejificha chini ya gari. Sikujua. Huko mwisho wa shamba, ukiacha gari, hakuna mahali pengine pa kujificha, ni chai tupu."

"Hukusikia kelele?"

"Nilisikia. Wote walikuwa wanapiga kelele. Nilidhani wanaogopa mvua."

"Ulipomtoa alikuwa anapumua?"

Kipkurui alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza, mwalimu."

"Alikuwa anapumua."

"Aliongea?"

"Aliomba maji."

Kipkosgei, aliyekuwa akiandika, aliacha kuandika.

"Endelea kuandika," Mongina alimwambia. Kisha akamgeukia Kipkurui. "Kutoka hapa hadi hospitali ni dakika ngapi?"

"Thelathini."

"Na kituo cha kupokea majani?"

"Njia ya upande mwingine. Kumi."

"Ulienda wapi kwanza?"

Kipkurui aliikunja miwani mkononi.

"Ulienda wapi kwanza?"

"Karani alikuwa anakaribia kufunga. Nilisema nipeleke mara moja, nirudi. Nilimlaza mbele, nikamfunika na koti langu. Niliporudi kwenye gari..."

"Ukamtupa mferejini, ukamwekea mkoba wake, ukaandika kwenye rejista kwamba hakufika. Na baba yake?"

"Watu wenyewe walianza kumtaja. Mimi sikumtaja."

"Uliwaacha wamtaje."

"Madam, nimefundisha miaka ishirini na mbili. Hii shule ilikuwa ya mwisho kata nzima, mimi ndiye niliyeinua. Barua yangu ilikuwa inakuja. Wangeniachisha kazi kwa sababu ya majani?"

"Kwa sababu ya majani," alisema Mongina, "wewe ulimwacha mtoto afe."

Alimfunga pingu mwenyewe. Alizibana zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, na hakujutia.

Saa saba na nusu Jonah alitolewa selini. Mongina alimketisha, akamweleza kila kitu, hata maji aliyoomba mtoto, kwa sababu siku moja yangesomwa mahakamani na hakutaka ayasikie kwa mara ya kwanza kati ya wageni.

"Uko huru, mzee. Gari litakupeleka kwa mama Janeffer."

Jonah hakuinuka.

"Andika na yangu," alisema.

"Wewe si mtuhumiwa tena."

"Andika. Aliniambia mwezi wa tano. Alinionyesha vidole, akasema, baba, tunachuma kuliko kusoma. Nilimwambia mwalimu ni mwalimu, usimbishie." Aliifuta pua kwa mkono wa shati. "Andika kwamba nilijua."

Mongina alivuta karatasi, akaandika jina la Jonah juu, na chini yake akaandika kama alivyoambiwa.