Kadi Tatu za Nailoni

Kaunta ya karakana ilifurika Jumatatu ile, kila mteja na kadi yake iliyokufa, lile bamba la saketi la mtambo wa simu. Wa mwisho alikuwa fundi simu wa hospitali, shati la nailoni linang'aa kama sufuria mpya, kadi kaifunga gazetini kama kipande cha sabuni.

Binti mpima kadi alimtazama kutoka viatuni hadi utosini, asiridhike, akarudia.

"Umeibeba hivi?"

"Kwa upendo, dada."

"Upendo hauzuii umeme. Hilo shati likisugua kiti, cheche usiyoiona inaua kadi. Na uliichomoa mtambo ukiwaka?"

"Ningezima simu za wodi zote?"

"Bora ungejizima wewe, Nailoni."

Jina likamganda. Naye akaganda kauntani: leo kadi, kesho swali, keshokutwa hana hata kisingizio. Alijifunza kuzima umeme kwanza, na kubeba kadi kwenye mifuko ya rangi ya fedha izuiayo cheche. Wakawa wapenzi, na kila mchana Nailoni alimpigia simu.

"Mpenzi, umevaa nini?"

"Mkanda." Ndio ule wa kifundo cha mkono, wenye waya wa kupeleka cheche za mwili ardhini.

"Mkanda tu?"

"Kata simu, mpuuzi wewe." Lakini hakukata yeye.

Kisha kadi tatu ambazo binti alimpimia zikafa ndani ya wiki moja, na wodi ya wazazi ikakosa simu. Hospitali ikataka ripoti: nani mzembe? Binti hakusita. Dharau yake ilikuwa na cheti.

"Mezani kwangu zilikuwa nzima. Umeziua wewe."

"Nilizibeba kwenye mifuko yako. Watanifukuza kazi."

"Mwanaume anayeshindwa kubeba kadi atabeba nyumba? Usinipigie tena."

Akaandika: uzembe wa mpokeaji.

Alhamisi mkuu wa karakana akasimama karibu na kipima-mikanda, kile ambacho kila fundi hukibonyeza asubuhi kabla ya kutia sahihi. Binti alikuwa na miezi minane ya sahihi bila kubonyeza. Vipimo ni vya wazembe. Leo, mkuu akimtazama, akabonyeza. Taa nyekundu.

Waya wa mkanda ulikuwa umekatika ndani, nje mzima kama mpya. Na kadi iliyojeruhiwa na cheche hupita kipimo leo, ikafa keshokutwa. Cheche zilikuwa zake.

Mkuu akaiandika daftarini. Afadhali angetukana.

Binti akaandika ripoti nyingine, kosa ni la mpimaji, akaipeleka mwenyewe kwa msimamizi wa hospitali. Mlangoni akamkuta Nailoni na barua ya kufukuzwa mkononi. Msimamizi akasoma, akamnyang'anya Nailoni barua, akaichana.

Wakabaki wawili.

"Bado unanidharau?" Nailoni akauliza.

"Nimepata mwingine wa kumdharau. Anavaa mkanda mbovu."

"Huyo namfahamu. Anajiona sana." Akamshika kifundo cha mkono. "Kila asubuhi nitamuuliza kama amebonyeza. Kila asubuhi, mpaka tuzeeke."

"Hiyo posa au ukaguzi?"

"Vyote."

Binti akalitazama lile shati, likang'aa bila haya.

"Basi Jumamosi njoo umwone mama. Hilo uliache kwenu."