Nusu ya Sahihi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, karani wa Bodi ya Wafamasia alifungua kitabu cha sheria, akapiga ukelele. Mkaguzi wa ndani, ambaye ofisi nzima ilimwita Miwani, alifika mbio.

"Kimeibwa, dada! Kile kipande cha kifungu cha tisa!"

Sheria iliporekebishwa, ofisi hiyo ilibandika maneno mapya kwa gundi juu ya yale ya zamani, kisha mtunza kumbukumbu akatia sahihi mpakani: nusu kwenye kipande, nusu kwenye ukurasa. Sasa ilibaki nusu ya ukurasani tu, na chini yake maneno ya zamani: kila mjumbe atalipwa ada ya kikao. Yale mapya, yaliyomnyima ada mjumbe anayelipwa mshahara wa serikali, hayakuwepo.

Kwa maneno hayo karani alikataa kumlipa mwenyekiti, mfamasia mkuu wa hospitali ya serikali. Saa nne bodi ingekaa kumfukuza karani kwa kukaidi sheria. Nakala nyingine ingechukua wiki nzima kufika.

"Nina watoto wawili, dada. Nitawaambia nini?"

"Waambie wakusubiri jioni kama kawaida," alisema Miwani.

Alipapasa ukurasa. Ulikuwa umejikunja na gundi bado ilinata. Mvuke wa birika! Na birika la umeme lilikuwa moja tu, la mwanasheria wa bodi, ambaye pia ndiye aliyesaini daftari la kuazima kitabu jana saa kumi.

"Mimi?" Mwanasheria alitokwa jasho. "Nilimpelekea mwenyekiti, yeye ndiye aliyekitaka. Na birika akaniomba hapo hapo, eti ana kikohozi."

"Kuna aliyewaona?"

"Hakuna."

Saa nne kamili, mwenyekiti aliingia na shajara yake nene kwapani. Mbele ya wajumbe, Miwani akamweleza aliyoyasema mwanasheria.

"Kitabu hicho sijakigusa," alisema kwa madaha. "Jana kuanzia saa kumi nilikuwa na miadi mjini. Imo humu."

"Tuoneshe, mzee."

Akafungua. Ukurasa wa jana haukufunguka. Akalowesha kidole, akavuta, wapi! Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kabisa. Wajumbe wakanyoosha shingo.

"Gundi ikilowa kwa mvuke hunata upya," alisema Miwani. "Naomba."

Akaziachanisha taratibu kwa rula. Katikati palikuwa na kipande cha karatasi. Alikiweka kwenye kitabu, na nusu mbili za sahihi zikakutana, mkia kwa kichwa.

"Kwa nini hukukitupa?" aliuliza mjumbe mmoja.

Mwenyekiti alinyoosha mkono kuchukua shajara yake. Miwani akamjibia: "Alitaka kukirudisha akishalipwa, wakaguzi wa nje wakute kitabu kizima. Karani angekuwa ameshaondoka."

"Nilifanya kazi!" mwenyekiti alifoka. "Vikao vyote nilihudhuria!"

"Na mshahara ulipokea," alisema mwanasheria.

Kura zilipigwa papo hapo. Karani alibaki kazini; mwenyekiti akasimamishwa na polisi wakaitwa. Miwani alijiona mrefu kuliko kabati la mafaili, na hakuona haya.

Akiwa mlangoni, mwenyekiti aligeuka. "Angalau kikao cha leo nimehudhuria."

Karani alikuwa anapaka gundi. Alikibandika kipande, akakigandamiza kwa kiganja, kisha akamgeuzia kitabu.

"Soma mwenyewe, mzee."