Arobaini ya Mzee wa Bustani

Siku mzee Abdulswamad aliposhindwa kuamka kufungua geti la bustani, simu ya mpwa wake ilikuwa imezimwa.

Ilizimwa kwa amri. Stambuli alikuwa Tunduma, amelala chali chini ya lori la magendo, tochi mdomoni, akibandika kifuatiliaji kwenye ekseli. Kazi ilifanikiwa. Alipowasha simu, mjomba wake alikuwa ameshazikwa.

Kwao Uluguruni, mpwa hushuka kaburini kumpokea mjomba. Siku ile alishuka mtu mwingine.

Kwenye simu kulikuwa na sauti ya mzee, ya wiki iliyotangulia.

"Stambuli, panga siku uje. Tupande wote bustanini, kuna kitu kimechanua nataka ukione. Na uje na viatu vya kupandia mlima, si hivyo vyako vya harusini."

Chini yake, jibu lake mwenyewe.

*Nitapanga mjomba.*

Hakupanga.

Simu nyingine, ile isiyo na jina, iliita akiwa anakula chipsi stendi ya Msamvu.

"Ndizi zimeiva." Sauti ya Bi Janeth, mkuu wake.

"Shamba gani?"

"Kinole."

Stambuli akaweka uma chini. Kinole ndicho kijiji cha mjomba wake.

Walikutana chumba cha nyuma cha duka la vipuri. Janeth akageuza kompyuta. Kwenye kioo, mzungu mwenye ndevu za kijivu anashuka kwenye Prado nyeupe.

"Anaitwa Lenz. Anajiita mtalii. Ameomba kutembelea Bustani ya Lukwele Jumamosi."

Stambuli aliijua Lukwele. Ilipandwa na Wajerumani, Waingereza wakaisahau, ikabaki mikononi mwa mjomba wake.

"Anataka nini kule?"

"Kiua cha zambarau, chini ya mwamba mmoja. Hakipo kwingine duniani. Anaking'oa chote, anakwenda kukizalisha kwao, kinakuwa mali yake. Jumapili ana ndege."

"Jumamosi ni arobaini ya mjomba."

"Ndiyo maana ameichagua. Kijiji kizima kitakuwa kwenye khitma." Janeth akamtazama. "Na ndiyo maana nimekuchagua wewe. Nani atamshangaa mpwa aliyekuja arobaini?"

Alitaka kusema hapana.

Alisema, "Nitahitaji droni."

Akapanga ziara ya Lukwele kama anavyopanga kila kazi. Njia ya kupanda. Njia ya kushuka. Mahali ukungu unapoanzia. Kwa swali la mwisho alimpigia Mwanvita, binti wa marehemu.

"Kaka Stambuli! Unakuja kweli?" Sauti ilikatika kidogo. "Ngoja niwaambie. Watafurahi."

"Bustani itakuwa wazi siku hiyo?"

"Kaka, siku hiyo ni arobaini ya baba. Nani akafungue?"

"Nimeuliza tu."

Alikata simu.

Jumamosi uwanja wa mzee ulijaa. Mikeka, masinia, moshi wa kuni. Pembeni mdalasini ulianikwa juani, maana Kinole hata msiba hausimamishi mdalasini. Stambuli aliegesha gari njiani. Bastola yake, Glock, akaiacha chini ya kiti; haikuwa adabu kuingia nayo kwenye kisomo. Kifaa kidogo cha mawasiliano alikiacha sikioni.

Hakufika kwenye mkeka.

"Wee! Maiti kafufuka!"

Mwanahawa. Mnyamwezi aliyeolewa hapa, mtani wa kila Mluguru wa mlima huu. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, mwiko mkononi.

"Tulizika mmoja, wa pili hatukumwona. Tukasema labda wamebebana! Hebu mtazameni, na viatu vyake vya harusini. Bi harusi yuko wapi, mtumwa wangu?"

Watu waliangua kicheko. Stambuli alijaribu kucheka. Mdomo ulikataa.

"Shikamoo, bibi."

"Shikamoo sitaki, nataka faini." Akamchomoa ufunguo wa gari mfukoni, akautumbukiza kifuani kwake. "Utagomboa baada ya dua. Leo hutoroki."

Mtani hachukiwi. Akichukua kitu msibani, kinagombolewa kwa kicheko. Stambuli alilijua hilo tangu utotoni.

Akaketi. Dua ikaanza.

"Droni inaonyesha Prado imepita Mkuyuni," Janeth alisema sikioni. "Inapanda. Toka sasa."

Alibaki mkekani, viganja ameviinua.

"Stambuli. Toka, nenda getini. Ni amri."

Shehe alikuwa akitaja jina la mjomba. Stambuli aliinuka.

Aliinuka kweli, katikati ya dua, mbele ya watu wote. Mwanvita alimwona. Alishusha macho tu kama mtu aliyekuwa anajua.

Stambuli alimfuata Mwanahawa jikoni. "Bibi, nipe ufunguo. Ni muhimu."

"Siku ya kaburi ilikuwa muhimu pia?" Safari hii hakucheka. "Rudi ukakae."

Akarudi. Uso ulimwaka.

Wakasema amina. Hapo ndipo mwanamume mmoja mwenye begi la mgongoni aliposhuka kwa njia ya bustani. Njia ile inapita katikati ya uwanja. Hakuna apitaye msibani bila kusimama. Alisimama. Alivua kofia.

"Poleni sana, wafiwa. Naitwa Shukuru, Mnyamwezi wa Tabora. Mzee alinifundisha miti. Nilipanda alfajiri kuiaga bustani yake."

Akainamisha kichwa. Akafuta chozi.

Mwanahawa alitoka jikoni taratibu.

"Mnyamwezi wa wapi?"

"Tabora, mama."

"Na unalia?" Akawageukia watu. "Jamani! Mnyamwezi analia kwenye msiba wa Waluguru! Hajaiba hata sufuria! Hajamtukana hata mfiwa mmoja!"

Uwanja ulicheka. Shukuru hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyetukanwa kweli.

Stambuli alilitazama lile begi.

Mtani wa kweli angemjibu kwa tusi; huyu hakuwa Mnyamwezi. Na mzungu kwenye Prado hakuwa akija kuiba chochote. Alikuwa chambo, ili macho yote yawe kwake.

"Basi nitakufundisha mila za kwenu, ndugu yangu," Mwanahawa alisema, akavuta begi.

"Acha begi, mwanamke!"

Zipu ilipasuka. Vikamwagika vikopo vya plastiki vyenye pamba mbichi, na ndani ya kila kimoja, majani madogo ya manyoya na ua la zambarau.

Mwanvita alipiga yowe. "Maua ya baba!"

Mkono wa Shukuru ulikwenda kiunoni. Bastola ilitoka.

Stambuli alikuwa na sinia la pilau tu.

Alilirusha. Lilimpiga Shukuru kwenye kifundo cha mkono, risasi ikaingia ardhini, wali ukaruka. Hatua moja. Kiwiko shingoni. Goti mgongoni. Bastola ilikuwa mikononi mwake kabla sinia halijaacha kuzunguka.

"Janeth. Mzigo ninao. Mbebaji ninaye."

"Prado imegeuza. Polisi wataidaka Mikese. Kumbe ulikataa kutoka kwa sababu hii. Kazi safi."

Stambuli alitazama kifua cha Mwanahawa, ulipokuwa ufunguo.

"Sikukataa," alisema. Lakini Janeth alikuwa ameshakata.

Mwanvita alikuwa amepiga magoti, akiokota vikopo kimoja kimoja kwenye wali.

"Virudi mwambani kabla mizizi haijakauka," alisema. Kisha akainua uso. "Kaka, ulikuja kwa baba, au kwa huyu?"

Kudanganya ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa amewadanganya watu wagumu kuliko huyu.

"Kwa huyu."

Mwanvita aliitikia kwa kichwa.

"Basi ya baba utapanga siku."

Mwanahawa alimrudishia ufunguo bila faini na bila utani. Hilo ndilo lililouma zaidi.

Alimfunga Shukuru pingu, akamtanguliza njiani. Hakukimbia, hakugeuka. Viatu vyeusi, koti limenyooka, punje moja ya wali begani. Mtu asiyemjua angesema: yule jamaa hatikisiki. Nyuma yake wanawake walikuwa wakipanda mlima na vikopo vichwani, kwenda kuona kile alichoitwa akakione.

Sasa ufunguo wa geti la Lukwele anao Mwanvita. Maua yameshika tena chini ya mwamba. Anayetaka kuyaona humpigia siku moja kabla, na huenda na viatu vya kupandia.

Stambuli amenunua viatu. Bado hajapiga.