Moyo Ukipanda, Kitabu Kichanwe

Mkono wa chuma ulichomoka ukutani, ukamnyang'anya Hezroni kitabu alichokuwa akimsomea binti yake, ukakitumbukiza kwenye kisagio. Meno yakakitafuna. Fisi wa ukurasa wa tatu alikatwa kiunoni, mwanambuzi akachanika pamoja na kengele yake, na vumbi la karatasi likamwagikia mfuko uliokuwa chini ya kitanda. Hezroni alibaki ameshika kipande cha jalada, kidole chake cha shahada kinavuja damu.

"Mbuzi alitorokaje, baba?" aliuliza Nyemo, mwenye miaka mitano.

"Muulize mama yako," alisema Hezroni.

Mama yake ndiye aliyeunda mashine ile. Iliitwa Kiteuzi, na katika Dodoma ya wakati huo, yenye treni chini ya ardhi na bustani juu ya kila paa, hapakuwa na nyumba yenye mtoto isiyokuwa nayo. Kazi yake ilikuwa kuchagua kitabu cha picha cha kumsomea mtoto kabla hajalala. Mtoto alivaa mkononi, usiku na mchana, kikuku chenye kihisi cha mapigo ya moyo na kijibetri kisichozidi punje ya mtama. Mzazi akisoma, Kiteuzi kilisikiliza. Moyo ukitulia, kitabu kilirudishwa rafuni kisomwe tena. Moyo ukipanda, kitabu kilichanwa, na habari zake zikapelekwa kwenye Viteuzi vyote vya mji ili huko nako kichanwe.

Kwa mtindo huo simba waliisha mwaka wa kwanza. Wakafuata mazimwi, kisha nyoka, kisha mto uliofurika, kisha mama aliyekwenda sokoni akachelewa kurudi. Waliobaki ni wanyama wenye meno meupe waliokuja mlangoni kukumbatia watu. Kama mmoja wao alichukua kitu cha mwenzake, ukurasa wa mwisho alikirudisha na kuomba radhi. Watoto walilala kama magogo, wazazi wakapata muda wa kuzungumza, na mhandisi Semeni Chilongani akatunukiwa nishani mbele ya halaiki ya watu.

Usiku huo mhandisi huyo alikuwa jikoni, anamfunga mumewe kidole.

"Kitabu kile ulikitoa wapi, Baba Nyemo?"

"Nilikiokota stoo, kwenye karakana ya treni. Kilikuwa chini ya magurudumu."

"Ukaona umletee mtoto. Moyo wake ulivyokuwa unakwenda mbio hukuuona?"

"Niliona macho yake. Alinivuta mkono nifunue ukurasa. Mama Nyemo, yule mtoto hakuwa anateseka. Alitaka kujua."

"Wewe hukulelewa kambini," alisema Semeni, na mazungumzo yakaishia hapo, kama yalivyoishia hapo kila mara.

Semeni alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, wakati wa vita vya kugombea visima. Watu wenye mapanga walipopita kambini, mama yake aliwakusanya watoto chini ya turubai na kuwanong'oneza habari za zimwi linalosikia hata pumzi, ili wanyamaze. Walinyamaza. Lakini Semeni alifikisha umri wa kuvunja ungo bado analowesha godoro, na aliapa kwamba mtoto wake hatalala na hofu hata siku moja. Hakuna wa kumlaumu kwa kiapo hicho. Kosa lake ni kwamba alichukua dawa ya jeraha lake mwenyewe akaigawa kwa watoto wa mji mzima, wazima na wagonjwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu maana nishani ilikuwa inang'aa.

Wiki iliyofuata alikwenda kwenye chekechea anayosoma Nyemo kupeleka vitabu vipya. Ilikuwa mchana, jua kali, watoto wako uwanjani. Mvua za juzi yake zilikuwa zimebomoa kipande cha ukuta wa umeme unaozunguka mji, na mafundi walikuwa hawajafika.

Nje ya ukuta huo waliishi mbwa-chuma. Waliundwa kulinda mashamba ya umeme wa jua, kampuni ikafilisika, ikawaacha. Mashine hizo zilijifunza kujilisha zenyewe: zilinusa betri popote ilipo, zikaichimbua kwa meno, zikaendelea na safari. Wafugaji wa kule nyikani waliacha kutembea na simu. Mjini hakuna aliyewaza jambo hilo, maana mjini kulikuwa na ukuta.

Waliingia watatu. Wa kwanza aliruka geti, akamwangusha mlinzi na kumfumua tumbo ili apate betri ya redio iliyokuwa mkandani. Mlinzi alipiga ukelele mmoja tu.

"Kimbieni!" Mwalimu Ritha alipaza sauti. "Kimbieni, watoto! Ingieni ndani!"

Hawakukimbia. Walimtazama mwalimu, wakawatazama mbwa, na nyuso zao zikachangamka. Meno meupe yalikuwa yanakuja. Kila usiku tangu wazaliwe walisomewa habari za meno hayo. Mvulana aliyeitwa Zakayo alikwenda mbele akamkumbatia mbwa wa kwanza shingoni. Mbwa alimkamata mkono wenye kikuku, akamzungusha mara moja, akambamiza kwenye nguzo ya bembea. Kichwa kilipasuka. Watoto waliokuwa karibu walirukiwa na damu usoni, wakajifuta, wakabaki wamesimama wanasubiri zamu zao.

Ni hapo Semeni alipoelewa alichokifanya. Alielewa chote kwa mkupuo.

"Nyemo! Kimbia!"

Nyemo aligeuka akamtabasamia mama yake. Kisha akaunyoosha mkono wake wa kulia kwa mbwa wa pili, kwa adabu zote.

"Karibu," alisema.

Semeni aling'oa chuma cha bembea kilicholegea, hata hajui nguvu zilitoka wapi. Alimpiga yule mbwa kichwani mpaka jicho moja la kioo likaruka, akampiga tena, mafuta meusi yakamlowanisha kifua, ngozi ya viganja vyake ikabaki kwenye chuma. Mbwa hakuachia. Hakuwa na hasira wala njaa. Alikuwa anatafuta betri. Alipoipata aliondoka nayo pamoja na mkono. Walinzi wa mji walipofika na bunduki zao, watoto wanne walikuwa wamekufa na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekimbia.

Nyemo alizinduka hospitalini siku ya pili, jioni. Hezroni alikuwa upande mmoja wa kitanda, Semeni upande wa pili na bandeji za viganja. Hezroni alikuwa hajamlaumu mkewe kwa neno lolote, na hilo lilimchoma Semeni kuliko matusi. Wodi ya watoto ilikuwa na Kiteuzi chake, na Nyemo alikuwa amefungwa kikuku kipya mkono wa kushoto. Mara mtoto alipofumbua macho, mkono wa chuma ulitoka ukutani taratibu ukiwa na kitabu: mbwa mnene wa rangi ya chungwa, ameazima mpira, anacheka.

Nyemo alikitazama kitabu, akautazama mkono wake ulioishia kwenye kiwiko.

"Mama," alisema, bila wasiwasi wowote, "yule mbwa atanirudishia lini mkono wangu?"

Hezroni aligeukia dirishani.

Kitabu kilikuwa kimenyooshwa mbele ya uso wa Semeni. Angeweza kukipokea. Angeweza kusema kesho, au ukiwa mzuri, na mtoto angelala, na mashine ingeridhika. Alikisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Hatarudisha, mwanangu."

"Ukurasa wa mwisho?"

"Hata ukurasa wa mwisho. Yule mbwa alikuwa anakuumiza, Nyemo. Hakuwa rafiki. Ukimwona tena, au chochote kinachokujia hivyo, unakimbia. Hukaribishi. Unakimbia mpaka unifikie mimi au baba."

"Na Zakayo?"

"Zakayo amekufa. Hutamwona tena."

Nyemo alimtazama mama yake kwa muda mrefu, kama anayesubiri acheke. Mama hakucheka. Mdomo wa mtoto ulianza kupinda, kifua kikapanda na kushuka, halafu akapiga yowe ambalo nyumba yao haikuwahi kulisikia tangu azaliwe. Kengele ya Kiteuzi ililia ukutani. Mkono wa chuma ulirudi rafuni, ukaleta kitabu kingine, ukaleta na kingine.

Muuguzi alikuja mbio, ameshika kitabu cha kwake. Hezroni alimzuia mlangoni.

"Jamani, mtoto anaogopa!" alisema muuguzi. "Moyo wake umepanda mno!"

"Mwache alie," alisema Semeni, amemkumbatia Nyemo kwa mikono iliyofungwa bandeji, machozi yanamtiririka naye. "Ndiyo kwanza ameelewa."